Nukta Nyekundu Mlangoni kwa Kinyozi

Sisi wa mtaa huu hatusahau. Tunakumbuka mwaka walipokuja watu wa ofisi ya mji kuzipaka nyumba zetu namba, wakasema ni kwa ajili ya mabomba ya maji, kisha wakarudi na tingatinga wakizifuata namba zile zile. Maji hayakuja. Tunakumbuka barua yetu ya kuomba taa iliyorudishwa kwa kukosa mhuri, na ya pili iliyorudishwa kwa sababu mhuri ulikuwa wa zamani. Kwa hiyo muuguzi alipovunjwa mkono kichochoroni, hakuna aliyesema tuandike barua. Tulisema twende wenyewe.

Kichochoro kile kimepita kati ya ukuta wa shule na mfereji wa maji machafu. Ndiyo njia ya mkato kutoka hospitali hadi kwetu, na jua likishazama humwoni hata mtu mnayegusana bega. Muuguzi alikuwa anatoka zamu ya mchana. Wezi walimnyang'anya mkoba, na alipong'ang'ania mkanda wakamsokota mkono mpaka ukalia. Huyo ndiye anayewachoma wazee wetu sindano nyumbani bila kudai hata ahsante. Iliuma.

Aliyetuongoza kwenda ofisi ya mji alikuwa Kipaza, mpiga pasi wetu. Kwa sauti yake anaweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kuinuka kwenye kigoda, na ndiyo asili ya jina hilo. Hakusoma sana. Alichokijua alikiokota kwenye magazeti ya kufungia nguo, na kwa kuwa hakuwahi kufunga nguo kabla ya kulisoma gazeti pande zote mbili, wateja walisubiri sana, naye alijua mengi.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Kipaza alimkagua kola kwanza, kama anavyomkagua kila mtu, akaona imepigwa pasi vibaya, akapata nguvu.

"Mama zangu, baba zangu, nimewasikia," alisema afisa. "Lakini tazameni wenyewe." Akatugeuzia kompyuta. Ilikuwa ramani ya mji mzima, na juu yake nukta nyekundu, pengine moja moja, pengine zimesongamana kama upele. "Kila nukta ni tukio la uhalifu. Mtaa wenu ni huu hapa. Mnaona nini?"

"Hatuoni kitu," alisema Kipaza.

"Ndiyo hivyo. Hakuna kitu."

"Na huyu?" Kipaza alimvuta mbele muuguzi, mkono wake ukiwa kwenye plasta. "Huyu naye ni hakuna kitu?"

"Aliripoti?"

"Aliripoti kituoni. Askari akamwambia kalamu imekwisha wino. Kalamu, mwanangu! Mtu amevunjika mkono, anayeuguzwa ni kalamu."

Tulicheka, na hata afisa alitabasamu, lakini hakutikisika. Alisema taa na doria hupelekwa penye nukta, hayo ndiyo maagizo. Kisha akasema neno ambalo tulilibeba kama zawadi: kwamba ramani ile iko wazi mtandaoni, na mwananchi yeyote anaweza kuweka tukio kwa simu yake, bure, bila askari na bila kalamu.

"Bila askari?" aliuliza Kipaza.

"Bila askari."

"Basi kaa tayari, mwanangu. Utaziona hizo nukta mpaka uombe miwani."

*

Mtandao wa bure mtaani kwetu ulikuwa mahali pamoja tu: dukani kwa kinyozi, kaka yake Kipaza. Binti wa kinyozi anaishi mbali, naye ndiye aliyemfungia ule mtandao ili waweze kuzungumza wakionana uso kwa uso. Kinyozi, kwa vile hajui kufunga kitu, aliuacha wazi kwa wote. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, kiti cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, harufu ya poda na spiriti. Nje kulikuwa na benchi refu. Wenye nywele walikaa pale, wasio na nywele walikaa pale, na wenye nywele nyingi kuliko wote hawakuja kunyolewa, walifuata maneno.

Kipaza aliifungua ile ramani benchini pale, akajifunza kwa kukosea. Ilikuuliza umetendewa nini, ukachagua: wizi, uporaji, kuvunjiwa nyumba. Ikakuuliza lini. Mwisho ikakuletea ramani yenye alama imesimama tayari, na chini yake neno "Endelea". Ukibonyeza, umemaliza.

Kinyozi alichungulia, mashine ya kunyolea mkononi. "Hiki kidude cha bluu kinachopumua ni nini?"

"Ni wewe, Kaka. Simu inaonyesha ulipo."

"Kwani mimi sijui nilipo?"

"Kanyoe watu, Kaka."

Basi watu wakaja. Laiti mngeuona ule mtaa. Watu waliokuwa wamemeza uchungu wao miaka na miaka, leo wamepata pa kuutemea. Aliyeibiwa baiskeli, aliyeng'olewa dirisha, mama aliyeanuliwa kamba nzima ya nguo pamoja na kamba yenyewe. Fundi viatu alileta kisa cha zamani mno, Kipaza akamwambia mwizi wako huyo ameshastaafu, lakini akakiingiza. Kila mmoja alikaa benchini, akashika simu, akachagua, akafika kwenye ramani, akabonyeza "Endelea". Alama ilikuwa imeshasimama. Nani angefikiri kuihamisha? Sisi tulidhani mashine inajua.

Tena tuna desturi yetu moja. Jambo la mmoja likiwa la haki, hatumwachi alitie sahihi peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo mkoba wa muuguzi uliripotiwa na muuguzi, akaja mwenye nyumba wake akauripoti, wakaja wapangaji wenzake, wakaja wazee wanaochomwa sindano. "Tumpe nguvu," walisema. Mkoba mmoja ukawa umeporwa kutoka kwa mtaa mzima, na kila mara uliporwa pale pale benchini.

Hilo hatukuliona, kwa sababu ramani tuliitazama kama kunguru, kutoka juu. Kwa juu, mtaa wetu uliokuwa mweupe sasa ulikuwa na doa jekundu kama nyanya iliyopondwa. Kipaza aliizungusha simu kutoka mkono hadi mkono. Muuguzi alilia kidogo. "Sasa tupo," alisema.

*

Wa kwanza kutupa dalili walikuwa waendesha pikipiki. Walianza kuwashusha abiria barabara kubwa. "Simu inasema ndani huko ni hatari," walisema. Tukawazomea: siku zote mnalala huku, leo simu ndiyo inawafundisha kwenu?

Halafu wakaja askari. Tulifurahi, tukidhani ndiyo doria tuliyoiomba. Walipita kichochoro bila kugeuza shingo, wakapita duka la rejareja, wakasimama mbele ya benchi la kinyozi. Wakawasimamisha waliokaa, wakawapekua mifuko. Mteja mmoja alitolewa kwenye kiti upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, akapandishwa gari hivyo hivyo na shuka lake shingoni. Waliporudi tena wakarudi pale pale. Wateja wakaanza kupungua. Mtu anataka kunyolewa, hataki kupekuliwa.

Kisha kikabandikwa kikaratasi mlangoni. Kilisema jengo hili limebainika kuwa kitovu cha uhalifu, na kwamba litafungwa baada ya kikao cha ofisi ya mji, mwenye pingamizi afike kikaoni. Kinyozi alikibandua kwa uangalifu, kisichanike, akampelekea dada yake penye meza ya pasi.

"Mdogo wangu, hebu nisomee. Nimekisoma, lakini nadhani nimekosea."

Kipaza alisoma. Akaitua pasi. Akaitoa simu, akafungua ramani, na kwa mara ya kwanza akaivuta karibu kwa vidole viwili. Tulikuwa tumemzunguka. Lile doa likapasuka likawa nukta. Akavuta tena. Nukta zikajikusanya. Akavuta mpaka mwisho, tukauona mtaa, tukauona ukuta wa shule, tukauona mfereji na kichochoro kando yake, kimelala cheupe, kisafi, hakina hata nukta moja. Na nukta zote, kila dirisha, kila baiskeli, kila mkoba wa muuguzi, zilikuwa zimepandana juu ya paa la kinyozi.

Kinyozi aliinama juu ya simu. "Kwa hiyo wote hawa waliibiwa kwenye benchi langu," alisema. "Na mimi nilikuwa wapi? Nanyoa?"

Watu walicheka. Kicheko kilikufa chenyewe.

"Kidude cha bluu," alisema fundi viatu.

"Nyamaza wewe," alisema Kipaza.

Muuguzi ndiye aliyesema la maana, na alilisema siku ile ile, penye meza ya pasi, sote tukisikia. "Kesho asubuhi twende ofisini. Tuwaambie tumekosea mahali. Matukio ni ya kweli, mahali ndipo tumekosea. Basi."

Kipaza alitikisa kichwa. "Hamuwajui. Tukisema tumekosea moja, watasema tumekosea yote. Watafuta kila kitu, turudi kuwa weupe. Hilo ndilo wanalolisubiri." Alikuwa amekunja uso. "Mmesahau namba za nyumba? Hawa ukiwapa uzi wanakuvua shati."

"Na duka la kaka yako?"

"Duka halifungwi leo. Tutazihamisha wenyewe, kimya kimya. Kila nukta tutaipeleka mahali pake. Siku ya kikao tunaingia na ramani safi, ya kweli, hawana pa kutushika." Akamgeukia kinyozi. "Kaka, unasemaje?"

Kinyozi alikuwa bado ameshika kikaratasi. Sote tulimwangalia, na nasema wazi, sote tulikuwa upande wa dada yake. Tulikuwa na hasira, na kwetu hasira ilikuwa ndiyo akili. "Wewe ndiye unayezijua hizo simu," alisema. "Ukiona ni hivyo, ni hivyo."

*

Ile kazi, nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Kipaza aliacha pasi zake, akawachukua watu mmoja mmoja, akawapeleka mahali walipotendewa. Mtu anasimama pale, anaonyesha: hapa. Alitokea huku, mimi nilikuwa nimebeba maji. Kipaza anaivuta nukta kutoka paa la kaka yake, anaileta chini ya miguu ya mwenyewe. Mama wa kamba ya nguo alisimama uani akaanza kutaja nguo, gauni la harusi ya mdogo wake, sare za watoto, akashindwa kumaliza. Muuguzi aliingia kichochoroni mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akashika ukuta. "Hapa," alisema. "Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu kutoka."

Lakini ilikuwa kazi ya polepole. Nukta huhamishwa na simu iliyoiweka, na wengine walikwishahama mtaa, wengine simu zao zenyewe zilikuwa zimeibiwa. Waliotia nguvu kwa mambo ya wenzao hawakujua waende kusimama wapi. Wazee wa sindano waligombana kichochoroni, kila mmoja akiuonyesha mkoba wa muuguzi sehemu yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona.

Kinyozi alikaa dukani akisubiri. Tulimwona akipaka kioo maji, akikifuta, akikipaka tena. Akiulizwa, alijibu, "Dada yangu anashughulikia."

Siku ya kikao Kipaza alivaa gauni lililonyooka kama karatasi. Kaka yake alivaa koti. Tuliobaki tulijipanga nyuma yao. Afisa yule yule alikuwa amekaa mezani na wakubwa wake wawili, na mbele yao ilitandazwa ramani kubwa iliyochapishwa. Ilikuwa ramani ya zamani, ya siku ile doa lilipokuwa moja. Duka la kinyozi lilikuwa halionekani kwa wekundu.

Kipaza aliinua simu. "Hiyo siyo. Ya kweli ni hii. Tumeirekebisha."

Afisa aliipokea, akaitazama, akaivuta karibu kwa vidole. Uso wake ukabadilika, na haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa wa mtu aliyeona gari likienda kugonga.

"Mmezihamisha?" aliuliza.

"Zilikuwa zimekaa vibaya."

"Baada ya kupata taarifa ya kufungiwa?"

Mkubwa mmoja, mnene, aliyekuwa hajanyanyua macho, alinyanyua sasa. "Yaani jengo limetajwa, na wenye jengo wakaingia kwenye ramani wakaliondolea nukta. Huko kunaitwaje?"

"Kunaitwa kusema kweli," alisema Kipaza, na sauti yake ikafika mpaka nje.

"Kunaitwa kuchezea takwimu, mama."

Alieleza. Alieleza benchi, mtandao, kidude cha bluu, desturi ya kupeana nguvu. Jinsi alivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kama hadithi ya mtu aliyekaa usiku akaitunga. Muuguzi aliinua mkono wake uliopona ukiwa umepinda, wakamwambia akae. Waliandika kwamba ramani mpya haiaminiki, na kwamba ile ya awali, iliyochapishwa kabla ya kuchezewa, ndiyo itakayotumika. Duka lifungwe. Kinyozi aliulizwa kama ana la kusema.

"Mimi nanyoa tu," alisema.

Afisa alitufuata kwenye ngazi. Alimwita Kipaza pembeni, lakini pembeni ya Kipaza ni uwanja mzima, sote tulisikia.

"Mama, kwa nini hukuja siku ile ile mliyopata kikaratasi? Ungesema tu, mahali pamekosewa. Kuna utaratibu wa marekebisho. Ningeandika mwenyewe."

"Mngetufuta."

Kijana alifikiri, na nampa haki yake, hakusema uongo. "Labda tungefuta. Sijui. Lakini kaka yako angekuwa kazini."

Wahenga husema majuto ni mjukuu. Kwetu hayakusubiri kizazi cha tatu. Yalizaliwa pale ngazini, yakashuka nasi barabarani. Kipaza hakupaza chochote njia nzima. Kaka yake alimshika mkono kwenye kuvuka barabara, kama alivyomshika walipokuwa wadogo, na alipofika upande wa pili alisahau kuuachia.

*

Kiti cha kuzunguka hakikupita mlangoni, ikabidi kifunguliwe vipande. Kioo kilimalizia kupasuka.

Kinyozi alipata kazi katika duka la vinyozi upande mwingine wa mji, kubwa, lenye viti vingi na mwenye duka ambaye umri wake ni wa mtoto wa kinyozi. Wote huko wamevaa aproni nyeusi. Kipaza alichelewa kwenda kumwona. Kila wiki alisema ataenda, na kila wiki pasi zilikuwa nyingi. Mwishowe alienda, na muuguzi alimsindikiza, ndivyo tulivyojua yote yaliyosemwa.

Walimkuta anafagia nywele za wateja wa vinyozi wenzake. Alifurahi kweli. Akawatafutia pa kukaa, akauliza habari za fundi viatu, za mkono wa muuguzi.

"Na taa?" aliuliza. "Wameweka?"

"Wameweka," alisema Kipaza.

"Kichochoroni?"

Kipaza aliangalia chini. "Mbele ya duka lako, Kaka. Penye nukta."

Kinyozi alimtazama, akamtazama muuguzi, muuguzi akaitikia kwa kichwa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ufagio, mpaka vinyozi wenzake wakageuka. "Wanalimulikia komeo!" alisema. "Jamani. Komeo langu linaweza kusoma gazeti." Akafuta macho kwa aproni, na alipomaliza kuyafuta hakuwa anacheka tena.

"Kaka, siku ile ningeenda ofisini..." alianza Kipaza. Sauti ilitoka ndogo, muuguzi anasema hakuijua. "Siku ile ile. Alisema huyu hapa, nikakataa. Nilitaka kuwashinda. Nilikusahau wewe, nikawakumbuka wao. Nisamehe."

Kinyozi alikusanya nywele kwenye beleshi dogo, taratibu, hadi ya mwisho.

"Ningekuwa na hasira na wewe ningekwambia, mdogo wangu. Unanijua." Alisimama wima, akashika kiuno. "Nimechoka tu. Viti vya hapa ni virefu, nanyoa nimeinua mabega siku nzima."

"Unikasirikie basi."

"Kwa nini? Ili upate wa kugombana naye?"

Alitaka kuongeza jambo, muuguzi ana hakika, kwa maana aliuweka ufagio ukutani na akavuta kigoda. Lakini mwenye duka aliita kutoka ndani, "Mzee! Mteja!" naye akasema, "Naja," akafunga aproni vizuri.

"Ningojeni," aliwaambia. "Huyu ni kichwa kimoja tu."

Wakamngoja. Alipomaliza kichwa kile, mteja mwingine alikuwa ameshaingia na kukaa.